Baba, kamera na nusu kaputi

Wadau, nimekuwa kimya zaidi ya wiki tatu. Mlioniandikia kuuliza kama nimefungwa au nimeoa, asanteni kwa kunijali (teh teh). Nilikuwa nauguza.

Leo sina siasa wala habari za Bunge. Leo nataka kuzungumzia utumbo mpana wa baba yangu. Kabla hamjanirukia: nimemwomba ruhusa. Alifikiri siku mbili, kisha akasema, "Andika. Ila jina langu usilitaje, na usiandike kama mnavyoandika magazetini." Sijui alimaanisha nini, lakini nitajitahidi.

Mzee ni mwalimu mstaafu. Anaishi hapa Moshono, kwenye kiwanja alichokinunua enzi zile ukisema unakaa Moshono watu wa mjini wanakuuliza kama huko kuna umeme. Siku hizi nyumba zimejaa, daladala na bodaboda zinagombania barabara ya kwenda Kijenge, na madalali wanapita kila mara kuuliza kama mzee anauza. Mzee hauzi.

Basi bwana, kumbe kwa muda mrefu alikuwa anaona damu kwenye choo kikubwa. Hakumwambia mtu. Mama ndiye aliyegundua, na mnajua mama wanavyogundua, sitaki maelezo mengi. Akampeleka zahanati moja, akapewa dawa ya bawasiri bila hata kuangaliwa. Mzee akaridhika sana. Kutokuangaliwa ndicho hasa alichokuwa anakitaka.

Damu haikuacha. Mama akanipigia simu: "Mwanangu, njoo uongee na baba yako. Mimi amenishinda."

Nikaenda. Tukala loshoro, tukazungumza habari za mvua na bei ya mahindi, tukaizunguka hoja kama kuku anavyomzunguka nyoka. Mwisho nikasema, "Baba, twende hospitali kubwa." Akatazama Mlima Meru kwa muda mrefu. Akasema, "Twende."

Daktari tuliyemkuta alikuwa kijana, pengine tunalingana umri. Alimwamkia mzee vizuri, akamsikiliza, kisha akamweleza kwamba damu hiyo inaweza kuwa bawasiri kweli, lakini kwa umri wake si busara kukisia. Inabidi kuangalia ndani kwa kolonoskopi, yaani mpira mrefu mwembamba wenye kamera kwenye ncha, unaoingizwa kwa njia ya haja kubwa na kupitishwa utumbo mpana wote. Wanachotafuta hasa ni polipu. Mmewahi kusikia mtu ana nyama za puani? Hizi ni za namna hiyo, ila ziko kwenye ukuta wa utumbo. Nyingi hazina madhara. Lakini zipo za aina fulani ambazo, zikiachwa miaka mingi, baadhi yake hugeuka kuwa saratani. Uzuri ni kwamba daktari akiikuta polipu anaweza kuikata hapo hapo, kwa kitanzi cha waya kinachopita ndani ya mpira ule ule.

Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma, ndiyo ugonjwa wetu waandishi. Kabla ya mwaka 1969, kuondoa polipu iliyo mbali ndani ya utumbo kulimaanisha kupasuliwa tumbo. Mwaka huo Hiromi Shinya na William Wolff, madaktari wa hospitali ya Beth Israel jijini New York, wakaanza kuzikata kwa kitanzi kupitia kolonoskopi. Mwaka 1993 ukatoka utafiti wa Marekani uliofuatilia watu 1,418 walioondolewa polipu. Saratani ya utumbo mpana kwa watu hao ilipungua kwa asilimia 76 hadi 90 ikilinganishwa na ilivyotarajiwa. Nikasema, hapo mzee hana pa kutokea.

Kumbe nilikuwa najibu swali ambalo hakuuliza.

"Kamera sina shida nayo," akasema. "Ninachokataa ni nusu kaputi."

Ndugu msomaji, hebu litafakari neno hilo. Nusu kaputi. Wazee husema ni mabaki ya Wajerumani, waliotuachia pia neno shule na lile boma lao pale mjini Arusha. Kaputi ni kitu kilichokwisha, kilichoharibika. Kwa hiyo nusu kaputi ni mtu aliyekwisha nusu. Unamwendea mgonjwa mwenye wasiwasi na kumwambia, "Mzee, tulia, tunakuua nusu tu." Nani atakubali?

Na kila ukoo una hadithi yake. Wetu una baba mdogo wa baba, aliyeingia kupasuliwa henia miaka mingi iliyopita, akalala, hakuamka. Hakuna aliyeelezwa kilichotokea. Hadithi hiyo ikakaa kwenye ukoo kama urithi.

Sababu ya pili baba aliisema kwa sauti ya chini, mama alipokwenda jikoni. "Mimi nilitahiriwa kwa kisu, bila ganzi. Watu wote wananitazama. Sikupepesa jicho. Leo nilazwe kwa sababu ya mpira?"

Waarusha mnaosoma hapa mnaelewa uzito wa maneno hayo. Mtu aliyepita pale bila kutikisika halafu umwambie alewe dawa kwanza, kwake ni kama kumvua cheo.

Nikarudi kusoma, safari hii habari za dawa tu. Ndugu zangu, nilichokikuta kilinifundisha adabu, kwa sababu baba hakuwa mjinga hata kidogo.

Kwanza, kukata polipu kwenyewe hakuumi. Utando wa ndani wa utumbo hauna hisia ya kukatwa. Kinachouma ni utumbo kuvutwa na kujazwa hewa mpira unapopita kwenye kona. Ndiyo maana sehemu nyingine siku hizi wanatumia gesi ya kabonidayoksaidi badala ya hewa ya kawaida, kwa kuwa mwili huifyonza haraka, au wanapitisha maji. Na huko Norwei wagonjwa wengi hufanyiwa bila dawa yoyote ya kutuliza. Wanaanza hivyo, mgonjwa akisema imezidi ndipo anapewa. Kwa hiyo mzee wa Moshono alikuwa anadai kitu ambacho Wanorwei wanakiona cha kawaida kabisa.

Pili, usingizi huu ni ngazi. Madaktari wanahesabu vidato vinne. Cha kwanza umetulia lakini uko macho. Cha pili unasinzia, ila ukiitwa au ukiguswa unaitika. Cha tatu umezama, hushtuki mpaka uumizwe, na huenda ukahitaji msaada wa kupumua. Cha nne ndicho usingizi kamili wa kwenye upasuaji mkubwa, nusu kaputi yenyewe. Kwa kolonoskopi wengi hulengwa kidato cha pili, wengine cha tatu. Tatizo ni kwamba watu wawili wakipewa dozi ileile, mmoja anaweza kubaki cha pili na mwenzake akateleza hadi cha tatu. Mtu anayekoroma usiku, mzee, mnene, mwenye ugonjwa wa mapafu, hao wanateleza kirahisi zaidi.

Tatu, dawa zenyewe haziko sawa. Midazolamu ni ndugu wa Valium. Inaondoa hofu na inafuta kumbukumbu, lakini maumivu haiyaondoi. Ndiyo maana huchanganywa na dawa ya maumivu kama pethidini au fentanili. Propofoli ni nyeupe kama maziwa na inalaza kwa sekunde chache. Aliyeigundua ni Iain Glen, Mskoti aliyesomea tiba ya wanyama, akifanya kazi kampuni ya ICI miaka ya 1970. Mgonjwa huamka haraka akiwa mchangamfu, na madaktari wengi wanaipenda kwa hilo. Ketamini, ambayo katika hospitali zetu ni rafiki wa siku nyingi, inaondoa maumivu na kwa kawaida haizimi pumzi, lakini inaweza kumletea mtu maruweruwe.

Na kuna tofauti moja ambayo ningependa kila ndugu wa mgonjwa aijue. Midazolamu ikizidi, ipo dawa ya kuipunguza nguvu, flumazenili. Pethidini na fentanili zina naloksoni. Propofoli haina. Ikizidi, kilichobaki ni mtu anayejua kumsaidia mgonjwa kupumua mpaka iishe yenyewe mwilini. Mnamkumbuka Michael Jackson, Juni 2009? Ni propofoli. Alipewa chumbani kwake, nyumbani, bila vifaa vya kumwangalia ipasavyo, na daktari wake akatiwa hatiani mwaka 2011. Dawa ileile, siku ileile, ilikuwa inalaza watu hospitalini duniani kote na wanaamka wanaomba chai.

Watafiti wanaendelea kutafuta iliyo bora. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya remimazolamu kwa wagonjwa 461 wa kolonoskopi huko Marekani. Wote walipewa fentanili, kisha wakagawanywa makundi. Kwa waliopata remimazolamu, kipimo kilikamilika kwa kiwango cha dawa kilichopangwa, bila kuongezewa dawa nyingine, kwa asilimia 91.3. Waliopata midazolamu ni asilimia 25.2, na waliopata dawa bandia ni asilimia 1.7. Marekani wakaiidhinisha mwaka 2020. Nikasisimka, halafu nikajiuliza: hiyo inamsaidia nini baba yangu wiki ijayo hapa Arusha?

Kwa sababu tatizo letu kubwa haliko ndani ya chupa. Tanzania ina madaktari bingwa wa usingizi chini ya mmoja kwa kila watu laki moja. Kazi nyingi ya kulaza watu hufanywa na wauguzi na maofisa tabibu waliosomea usingizi, na nao hawatoshi. Kwa hiyo nikaona swali la kupeleka hospitali lisiishie kwenye "mtampa dawa gani?" Lianze na "nani atamtazama baba akipumua, wakati daktari macho yake yako kwenye kioo?"

Nikaenda nalo. Nilitegemea kufokewa, mnajua tena mwandishi wa habari akiingia hospitali na daftari. Muuguzi mmoja wa makamo akanijibu kwa utulivu: "Ni mimi. Kazi yangu siku hiyo ni baba yako tu. Sishiki kitu kingine." Akanionyesha kale kadude ka kubana kidole tulikokazoea wakati wa Korona, mtungi wa oksijeni, mashine ya presha, na trei yenye dawa za kurudishia. Nilitoka pale nikiwa nimepona mimi kwanza.

Nikamweleza mzee yote, na ya Norwei. Akafurahi sana na Wanorwei. Tukakubaliana na daktari hivi: aanze na dozi ndogo ya midazolamu na pethidini, kidato cha pili, na akitaka iongezwe atasema. "Sitasema," akasema baba.

Usiku wa kuamkia kipimo sitauelezea. Ilikuwa Juni, baridi ya Arusha mnaijua, choo chetu kiko nje, na dawa ya kusafisha tumbo inanywewa kwa lita. Mlima wote ulisikia.

Asubuhi akaingia. Mimi nikakaa kwenye benchi nje, mlango mwembamba wa mbao. Mwanzoni kimya. Halafu nikamsikia akiguna. Mguno wa mtu anayejizuia. Kisha ukawa mkubwa zaidi. Nikasikia sauti ya muuguzi, "Mzee, pumua polepole, nipo hapa." Kimya kidogo. Halafu baba yangu, mwalimu wa miaka thelathini na zaidi, mzee wa ukoo, aliyetahiriwa bila kupepesa jicho, akaita kwa Kimaa.

"Yeyo."

Mama. Akarudia tena. "Yeyo."

Bibi yangu alifariki mimi nikiwa mdogo. Sijawahi kumsikia baba akimtaja kwa jina hilo. Nilisimama, nikashika kitasa cha mlango, nikakiachia, nikakaa tena.

Alipotolewa alikuwa macho, anatabasamu. Akaniuliza, "Wanaanza saa ngapi?" Nikamwambia wameshamaliza. Akatikisa kichwa kwa mshangao. Baada ya dakika tano akaniuliza tena, "Wanaanza saa ngapi?" Mara tatu. Ndiyo midazolamu hiyo. Walikuta polipu mbili, wakazikata zote, zikapelekwa maabara.

Kwenye gari akasema kwa kujigamba, "Umeona? Sikusikia kitu. Wala sikutoa sauti."

Nikanyamaza.

Jamani, tangu siku hiyo kuna kitu kimenikaa. Utafiti mwingi wa dawa hizi humuuliza mgonjwa baadaye: uliridhika? Uliumia? Ungekubali kurudia? Wengi wanajibu vizuri mno. Lakini sehemu ya kazi ya dawa ni kufuta. Sasa yule aliyeguna mle ndani, ambaye hakumbukwi hata na mwenyewe, nani anamuuliza?

Yupo mtu aliyejaribu. Daniel Kahneman, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2002, alishirikiana na daktari Donald Redelmeier wa Toronto. Katika kazi yao ya mwaka 1996, wagonjwa 154 wa kolonoskopi walipima maumivu yao dakika kwa dakika wakiwa mezani. Baadaye wakaulizwa wanakumbuka nini. Kumbukumbu ilifuata kilele cha maumivu na dakika za mwisho. Urefu wa kipimo karibu haukuhesabika. Mwaka 2003 wakatoa utafiti mwingine wa wagonjwa 682. Nusu yao mpira uliachwa umetulia dakika chache za ziada mwishoni, kabla ya kutolewa, bila kuwaumiza sana. Hao, ambao kwa saa waliteseka muda mrefu zaidi, ndio waliokumbuka kipimo kwa wepesi zaidi.

Maana yake ni kwamba anayeumia na anayekumbuka wanaweza kuwa watu wawili tofauti ndani ya ngozi moja. Hilo si jambo dogo. Anayekumbuka ndiye atakayerudi kwa kipimo kingine au kukimbia, kwa hiyo kusahau kunaokoa maisha. Lakini anayeumia naye ni baba yako.

Kuna jambo lingine la kwetu. Daktari Denis Burkitt, Mwairishi aliyefanya kazi Uganda kati ya mwaka 1946 na 1966, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwa Waafrika wa vijijini, polipu zikiwa adimu pia. Yeye aliona siri ni chakula chetu chenye makapi mengi. Wanasayansi wamebishana naye kwa miaka. Lakini vyovyote iwavyo, mambo yamebadilika. Madaktari wetu wa Dar es Salaam na Kilimanjaro wameandika kwamba saratani hii inaongezeka. Nilipokuwa kwenye foleni ile niliona watu wa rika langu. Kwa hiyo habari hizi si za wazee wala za Wazungu.

Majibu yalirudi: polipu moja ilikuwa ya aina ile inayoweza kugeuka saratani, ila bado haijageuka. Imeondoka yote. Mzee atarudi kwa kipimo kingine baada ya miaka michache. Daktari akanigeukia na kuuliza mimi na ndugu zangu tuna umri gani, akanishauri tusisubiri tufike umri wa baba. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wenye wazazi wa namna ya wangu, yashikeni haya machache. Semeni ukweli kuhusu pombe na dawa zote mgonjwa anazotumia, za kienyeji zikiwemo, maana hubadilisha dozi. Asile kama alivyoelekezwa, kwa kuwa tumbo lenye chakula na usingizi havipatani. Kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Siku hiyo asipande bodaboda wala asiendeshe gari. Na kwa saa 24 asisaini karatasi yoyote. Madalali wa Moshono, nawaona.

Jumapili iliyopita, tukiwa wawili, nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, mguno na jina aliloita. Niliona si haki mimi kubaki na kitu chake ambacho yeye mwenyewe hana.

Alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani amekasirika.

"Niliita mara ngapi?"

"Mara mbili, baba."

Akatazama mlima, kama kawaida yake. Halafu akanigeukia.

"Na wewe ukabaki umekaa kwenye benchi?"

Sikuwa na jibu, wadau. Mpaka leo sina. Nimemwahidi kwamba kipimo kijacho nitaomba niruhusiwe kuingia.

Haya, alamsiki. Tukijaliwa tutaonana wiki ijayo, na siasa zetu.